Upande Usio na Ukuta

Emerance alikasirika kwanza. Hofu ilikuja baadaye, na ilipofika ilikuta hasira imeshakalia viti vyote.

Kisa kilianza na shati, shati moja jeupe la shule. Alilishona mwenyewe, akalipiga pasi, akalikunja na kulifungia katika sanduku la bati, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, kama anavyofanya mtu yeyote wa mtaa wa Katindo, mjini Goma, ambaye ameshaibiwa. Asubuhi alipolitoa ampe mteja, mfuko wa kifuani ulikuwa umehamia kulia. Vifungo na vitundu vyake vilikuwa vimebadilishana pande. Jina la shule lililotariziwa juu ya mfuko lilisomeka kinyumenyume, kila herufi imegeukia nyuma kama kwenye kioo. Akalipindua ndani nje akitafuta udanganyifu. Mishono yote ilikuwa pahali pake, imefichwa kwa adabu, kazi safi ya mtu anayeijua kazi, yaani kazi yake yeye.

“Umurerwa,” akaita. “Kuya hapa. Hii njo mambo gani?”

Umurerwa alikuwa mwanamke mwenye watoto wawili, aliyekuja kujifunza ushonaji kwa Emerance tangu mwanzo wa mwaka. Akalishika shati kwa ncha za vidole, akaliangalia mbele na nyuma.

“Mama, miye sijagusa. Sanduku iko na kufuli, na ufunguo unalalaka nayo weye mwenyewe.”

“Basi nilishona mu ndoto?”

Umurerwa akalirudisha shati mezani, na alikuwa na sababu ya kutobishana. Wiki ileile alikuwa ameonja ukali wa mwalimu wake. Alikata mikono ya gauni la kitenge, akasahau kukigeuza kipande cha pili, akapata mikono miwili ya kushoto. Ni kosa la kila anayeanza, na kwa kitenge dawa yake ni nyepesi, maana kitenge kizuri rangi yake ni ileile mbele na nyuma. Unakigeuza tu. Lakini Emerance hakuwa mtu wa kusema jambo jepesi kwa wepesi. Alikinyanyua kile kipande kutoka mezani, akakipindua hewani, akakilaza tena kwa kishindo hadi mkasi ukaruka.

“Unainua, unageuza, unalaza. Njo ile tu. Kitu gani inakushinda?”

Kisha akachora juu yake, kwa chaki ya buluu, msalaba wake wenye mguu mmoja mrefu, anaoutia kwenye kila kipande upande wa ndani ili pasiwe na ubishi. Sauti yake ilifika barabarani, wapita njia wakacheka. Kulikuwa na mwingine aliyesikia, ila huyo hakuwa akipita njia.

Baada ya shati zikafuata sandali za Olive, binti yake wa pekee, aliyekuwa darasa la pili. Sandali za plastiki, zilizomwagwa kiwandani katika kalibu moja, zikaamka zote mbili za mguu wa kushoto. Emerance akagombana na majirani wa pande zote, akidai watoto wao wamebadilisha. Kisha mume wake, Birindwa, akampasulia mtoto yai la asubuhi, na ndani ya yai hamkuwa na kitu. Ganda lilikuwa zima hadi alipoligonga, halina ufa wala tundu, na ndani ni pakavu. Emerance akalichukua aone. Kwenye utando mweupe wa ndani palichorwa msalaba mdogo wa buluu, na mguu wake mmoja ulikuwa mrefu.

Alilivunjavunja lile ganda mkononi na kulitupa nje kwenye mawe meusi. Hakumwambia mtu kuhusu msalaba. Alijiambia ni uchafu, na mtu akishajiambia hivyo huwa hapendi kuulizwa.

Birindwa, yeye, alifurahi. Hilo ndilo Emerance hakumsamehe. Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mshi wa upande wa Bukavu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na jioni ile alifika na karatasi mkononi na macho yanayong’aa kama ya mtu aliyepewa mtoto wa kiume.

“Mama Olive, kuya nikuonyeshe.” Akakata karatasi kwa umbo la kiganja cha kushoto, akailaza juu ya meza ya kukatia. “Isukume. Zungusha vile unataka, lakini usiinue. Ikuwe ya kuume.”

Emerance akaisukuma, akaizungusha. Kidole gumba kilibaki upande usiotakiwa.

“Haiwezekane.”

“Sasa inua, geuza.”

Akainua, akageuza, akailaza. Ikawa ya kuume.

“Njo vile. Fikiri kuna batu banaishi ndani ya hii meza, bapa sawa karatasi. Banajua mbele na nyuma, kuume na kushoto. Juu habajui. Hata neno ya juu habana.” Akachora duara la chaki, akaweka kifungo katikati. “Ile chaki njo nyumba yao. Kuta zote zimefungwa. Kifungo iko ndani, salama.” Akakiokota kifungo kutoka juu, akakiweka nje ya duara. “Kwao ni muujiza. Hakuna mulango ilifunguka. Kwako ni nini?”

“Kwangu ni kifungo.”

“Bon. Sisi tuko na mbele na nyuma, kuume na kushoto, juu na chini. Njia tatu. Kukiwa na njia ya ine, yenye sisi hatuna hata neno yake, mwenye kuwa kule anaona ndani ya sanduku vile weye unaona ndani ya duara. Anaona kiini ya yai. Anatoa bila kupasua. Na akiinua kitu, akigeuza, akirudisha, ya kuume inakuwa ya kushoto.”

“Iko wapi, hiyo njia? Nionyeshe na kidole.”

“Siwezi. Kidole yangu iko ndani ya hizi tatu.” Akacheka. Akazibonyeza ncha za vidole vitano juu ya meza. “Na akiingiza mukono yake, batu ba meza habaone mukono. Banaona biduara bitano bimetoka hakuna pahali, binakua, binashikana.”

Emerance akamtazama mume wake, akaona furaha ile, akatamani kumpiga na rula.

“Papa Olive,” akasema polepole, “kuna mutu anaingia mu nyumba yangu bila kupita mulango, anagusa bintu bya mutoto wangu, na weye unacheka. Watu wa pwani bangesema ni jini. Huku kwetu tunasema pepo. Weye unasema nini? Unasema hesabu.”

Birindwa akavua miwani, akaifuta, na hakuivaa tena upesi.

Jini lile halikuwa la usiku. Lilikuja saa sita mchana, jua likiwa juu ya bati na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipiga kelele barabarani. Umurerwa alikuwa ameshaacha kuja, akisema mguu unamuuma. Kwanza palinuka. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya ndani ya vitu, ya sanduku lililofunguliwa baada ya mwaka, ya tumbo la kuku wakati kisu kinapoingia. Kisha sauti, kama ya kitambaa kinachochanwa taratibu na hakiishi. Emerance akainua macho kutoka kwenye cherehani, na juu ya meza ya kukatia akaona vitu vitano vya mviringo vinaning’inia hewani, rangi ya nyama ya ndani ya shavu, vidogo kama pera, vikikua bila kusogea. Olive alikuwa amekaa sakafuni chini yake na mdoli wake wa vitambaa.

Hapo walifanya kosa, na kosa lenyewe ni la Goma. Nyumba yao ilikuwa ya mbao kama nyingi za mtaa ule, na zile siku za vita za Januari risasi zilipita ukuta mmoja na kutokea wa pili kana kwamba hapakuwa na nyumba. Baada ya pale Birindwa alijenga katikati ya nyumba kijumba cha mawe ya volkeno, kipana kama godoro moja, kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma. Hapo ndipo mtoto anapowekwa. Mlio ukianza hakuna anayefikiri: mtoto ndani kabisa, mlango, kufuli, wazazi wanakaa nje na migongo yao. Mji mzima umejifunza hivyo, kwamba usalama uko ndani, na ndani zaidi ni salama zaidi. Emerance akamnyakua Olive, na Birindwa, huyo huyo aliyechora duara la chaki na kucheka, ndiye aliyezungusha ufunguo.

Walisimama wameegemea chuma. Ndani Olive alikuwa akiimba kwa hofu, sauti ndogo, wimbo wa shule. Sebuleni ile sauti ya kuchanika ilikoma. Ikaanza nyuma yao, nyuma ya mawe, ndani. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Birindwa alikosa tundu la kufuli mara mbili, Emerance akampokonya ufunguo, akafungua, akaona godoro, na juu ya godoro mdoli, na kuta nne za mawe ambazo mume wake alizijenga kwa jasho la miezi, kavu, nzima, hazina hata ufa wa kupitisha sisimizi, na mtoto hayumo, na akaelewa kwamba yeye na mume wake walikuwa wamekichukua kifungo na kukiweka vizuri kabisa katikati ya duara.

Kisha Olive akawa amekaa pale. Hakuingia, alikuwapo tu. Akawatazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa.

“Mama,” akasema, “juu ya nini mulihamisha mulango?”

Alama nyeusi aliyozaliwa nayo kwenye shavu la kulia ilikuwa kwenye shavu la kushoto.

Hospitalini daktari aliweka kipimo kifuani kushoto, akakunja uso, akakihamishia kulia. Akasema kuna watu huzaliwa hivyo, moyo upande wa kulia, si ugonjwa.

“Huyu hakuzaliwa vile,” Emerance akasema. “Miye njo nilimuzala.”

Wakampiga picha ya kifua. Daktari akainyanyua kwenye mwanga, akaonyesha moyo, akaonyesha ini, vyote vimehama kwa utaratibu mzuri. Chini ya mbavu palikuwa na doa dogo jeupe, mistari miwili iliyokatana. Kosa la filamu, akasema. Emerance aliutazama ule msalaba wenye mguu mmoja mrefu hadi daktari akaishusha picha. Lile jini lilikuwa limemtia mtoto wake alama ndani ya mwili, kama kipande cha kitambaa kilichokwisha kukatwa. Alitaka kupiga yowe, akameza, na alichomeza kikabaki kinawaka.

Olive aliandika kwa mkono wa kushoto sasa, na kila kitabu alikiona kimeandikwa nyuma mbele. Hayo yangevumilika. Lakini chungwa alilisukuma akasema linanuka dawa, na ingawa alikula bugali na visamaki vya sambaza na maharage hadi tumbo likavimba, kila asubuhi kitenge alichofungwa kilizunguka zaidi kiunoni. Chakula kilipita ndani yake kama mgeni asiyeona mtu wa kumsalimia. Mashavu yakazama. Magoti yakawa makubwa kuliko mapaja.

Birindwa ndiye aliyeeleza, usoni akiwa amezeeka.

“Chakula nayo iko na kuume na kushoto, Mama Olive, mu bipande bidogo-dogo bile jicho haione. Mwili unavaa chakula sawa mguu unavaa sandali. Mwili ya mutoto imegeuka. Chakula ya dunia yote haikugeuka. Anakula, lakini haimuvae.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo atakufa na njaa, sahani ikiwa mbele yake.”

“Kama haigeuzwe tena.”

“Kama haigeuzwe tena,” Birindwa akasema, “na sisi hatuna mikono ya kufika kule.”

Habari zilishafika mtaani, na zilimleta Viateur, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mwisho wa barabara. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mrefu, mkweli, mwenye sauti ya chini, na alipoingia sebuleni akanusa, rangi ikamtoka.

“Iko hapa,” akanong’ona. “Mama Olive, hii ni muzimu ya nguvu. Lakini imeshindwa kwa Jina. Kesho tutaingia na kikundi, tutafunga kila kona ya hii nyumba, tutaifukuza na haitapata tena njia ya kurudia. Tangu leo mutoto afunge. Asikule kitu mpaka tumalize.”

Emerance aliinuka kutoka kwenye kiti. Alizungumza taratibu, na walioijua sauti yake wangetamani apige kelele.

“Papa Viateur. Angalia ule mutoto. Angalia mikono yake. Unaniambia afunge?”

“Mama, kufunga ni silaha.”

“Na ukiifukuza, nani atamugeuza? Weye? Ile ilimugeuza njo peke yake inajua pahali alipita. Unataka kufunga mulango na mutoto wangu akiwa ngambo.”

“Hauwezi kuomba msaada ku shetani.”

“Siombe. Toka mu nyumba yangu, Papa Viateur. Ukirudi na kikundi, nitabapokea na pasi ya moto.”

Alitoka. Mlangoni aligeuka, machozi machoni, akasema atawaombea kutoka nje, na hilo Emerance alimwachia. Kisha akarudi kwenye meza yake akapiga ngumi juu yake, mara moja, na mkasi ukaruka. Mkasi uliporuka ndipo alipokumbuka kishindo kingine, Umurerwa amejikunyata hapo mbele, na yeye mwenyewe akifoka. Unainua, unageuza, unalaza. Njo ile tu.

Akayapanga yote kichwani kama vipande vya gauni. Shati liligeuzwa. Sandali moja iligeuzwa ili ifanane na mwenziwe. Yai lilitiwa alama ndani. Hivyo sivyo anavyofanya adui. Hivyo ndivyo anavyofanya mwanafunzi anayetaka kumpendeza mwalimu, aliyesikia somo nusu, asiyejua kwamba kuna vitambaa vyenye mbele na nyuma na kuna vitu ambavyo havigeuzwi kamwe. Jini lilikuwa limekaa upande wake usio na ukuta, likitazama meza yake, likijifunza. Na somo lililotumika kwa mtoto wake lilitoka mdomoni mwake mwenyewe.

Mwingine angelia. Emerance alipandwa na hasira hadi masikio yakavuma.

Saa sita mchana uliofuata alimkalisha Olive juu ya meza ya kukatia. Mtoto hakuwa na uzito. Birindwa alisimama ukutani, ameshika shati lile la kwanza lililogeuzwa, kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi. Emerance akalaza mezani mikono miwili ya kitambaa cha shule, yote ya kushoto, akachora msalaba juu ya ule wa pili.

“Weye mwenye kuwa kule,” akasema. “Kuya. Mwalimu anakuita.”

Harufu ikaja. Kuchanika kukaja, kukapanda kutoka kila upande pamoja. Viduara vitano vikatokea juu ya kichwa cha Olive, vikakua, na safari hii havikukoma. Vikagusana, vikawa kitu kimoja kipana, chenye unyevu, kisicho na mbele wala nyuma, kilichojaa nusu ya sebule. Birindwa alikuwa akinong’ona sala ya utotoni mwake.

“Ni weye ulifanya hii?” Emerance akamfinya Olive shavu lenye alama, akaligeuzia kule. “Angalia. Miye nilikufundisha hii? Hii ni kitenge? Mutu si kitenge. Mutu iko na upande moja, ile Mungu alimupatia, na haikuwe kazi yako kuchagua. Umeharibu. Umeharibu kazi yenye si yako, na ukaweka alama yangu juu yake, alama yangu miye, sawa mwizi.” Akakinyakua kipande cha pili, akaufuta msalaba kwa kiganja, akakipindua hewani, akakilaza kwa kishindo. Sasa palikuwa na mkono wa kushoto na mkono wa kuume. “Unainua. Unageuza. Unalaza. Vile alikuwa. Rudisha vile alikuwa, na alama yako utoe.”

Lile pana likatulia. Halafu likamshukia mtoto.

“Mwachilie,” Birindwa akalia. “Mama Olive, achilia mukono yake, atakwenda peke yake, achilia!”

Mkono wa Olive ulikuwa ndani ya mkono wa mama yake, mfupa na ngozi, unamkamata. Mara ya kwanza walimwacha aende peke yake, nyuma ya chuma. Emerance hakuachilia.

Akainuliwa upande ambao hakuna neno lake, na akaona nyumba yake kama mtu anavyoona sahani, mbao na mawe na kijumba cha ndani kabisa vyote viko wazi pamoja, na mume wake wazi, ngozi na moyo unaodunda na chai ya asubuhi tumboni mwake, na kambi na sanduku za risasi na askari waliolala na mifupa yao, na mitungi ya mtaa wa Birere na noti zilizoshonwa ndani ya magodoro, na Viateur amepiga magoti barabarani na donge la kilio kooni mwake, na sambaza ziwani kilindini na miiba ndani ya sambaza, hakuna kilichofichwa, hakuna kilichowahi kufichwa, miaka yote ya kufuli na ufunguo katika pindo la kitenge, na kitu kikubwa kilichokuwa kinamtazama na kungoja aseme kama sasa kimefanya vizuri.

Kisha meza ikawa chini yake. Alikuwa amefumba macho, uso wake ndani ya nywele za mtoto.

“Umemaliza,” akasema kwa hasira. “Sasa toka. Usirudie hapa. Hata siku moja, hata nikikuita, usirudie.”

Kuchanika kukarudi nyuma, kukawa kwembamba, kukakoma. Harufu ikaondoka. Barabarani chukudu ilipita.

Emerance akafumbua macho, akamshika Olive kidevu. Alama ilikuwa kwenye shavu lilelile la kushoto. Hakuna kilichobadilika.

“Imenidanganya,” akasema. “Imenidanganya, ile mbwa!”

“Hapana.” Birindwa alikuwa analia na kucheka, ameweka kiganja kifuani kwa mtoto. “Iko kushoto. Moyo iko kushoto, Mama Olive. Alama iko ku shavu ya kuume. Iko pahali yake.”

“Wee, uko kipofu?”

“Mama,” Olive akasema, “nipatie chungwa.”

Birindwa akalikunjua lile shati la shule, akaleta shati jingine zima kutoka sandukuni, akaliweka kando yake, akamwonyesha mtoto. Olive akaweka kidole juu ya jina la lile zima, akalisoma herufi kwa herufi, haraka, bila kukwama. Emerance akatazama chini ya kidole cha binti yake. Herufi zote zilikuwa zimegeukia nyuma. Zilizosomeka sawasawa, mbele ya macho yake, ni zile za shati lililogeuzwa.

Ndipo akatazama mlango wa barabarani, na mlango ulikuwa umehamia upande wa pili, kama Olive alivyouona siku ile.

Aliweka mkono juu ya kifua chake. Hakumwambia mtu siku ile. Alilimenya chungwa, na harufu yake ikampanda puani, kali, ya dawa, kama chumba cha sindano. Akamlisha mtoto kipande kwa kipande.

Olive alirudi kunenepa. Ilikuwa raha kumtazama. Na kila siku saa sita mchana Emerance husimama mbele ya meza yake, akalaza mikono miwili ya kushoto, akaita. Huanza kwa upole, kisha kwa amri, kisha kwa matusi ambayo majirani hufunga madirisha wasiyasikie. Hewa juu ya meza hubaki hewa. Amefundisha wanawake wengi, na wote ilibidi awakemee mara kumi kwa jambo moja. Yule wa kule peke yake alitii alipoambiwa mara moja asirudi.

“Mama,” Olive akauliza jana mezani, sambaza zikiwa zimejaa sahani, “juu ya nini weye haukule sana?”

Birindwa akainamisha kichwa. Alishajua, maana kitenge cha mke wake kilikuwa kinazunguka kiuno mara mbili.

“Nimeshakula,” Emerance akasema, kama walivyosema mama wote wa mji ule miaka yote sufuria ilipokuwa tupu, na akamsogezea mtoto sahani yake.